Dolores, au Uchungu wa Mzazi: Maana ya Jina Moja la Kihispania Katika Mlima Kilimanjaro

Katika parokia za Kikatoliki za mlima Kilimanjaro, tangu Kibosho na Uru hata Kilema na Rombo, yako majina ya wanawake yatamkwayo kila siku pasipo mtu kuyauliza maana. Consolata, Immaculata, Assumpta, Perpetua, Dolores: mama huyaita kutoka mlangoni, na mtoto huitika kutoka migombani, nayo yamekwisha kuzoeleka kama majina ya wazee wa ukoo. Lakini mgeni akiuliza kwa nini binti wa nyumba ameitwa Mkunde, ataambiwa mara moja kwamba ni kwa sababu alipendwa. Akiuliza kwa nini mwingine ameitwa Haika, ataambiwa kwamba wazazi walitoa shukrani. Akiuliza kwa nini wa tatu ameitwa Dolores, huenda asipate jawabu ila kwamba hilo ndilo jina lake la ubatizo. Hilo si jawabu la swali lake. Ni habari ya mahali jina lilipopatikana.

Kati ya majina hayo, Dolores ndilo listahililo kuchunguzwa kwanza, kwa kuwa maana yake humshtua aisikiaye. Ni neno la Kihispania, na maana yake ni maumivu. Tena si umivu moja, bali mengi. Mzazi akiisha kuambiwa hayo huwa na njia mbili mbele yake. Anaweza kusema kwamba jina ni alama tu, kama namba ya nyumba, wala maana yake haimhusu mwenye jina. Au anaweza kuogopa, akaona kwamba amemfunga mtoto wake kwa neno la msiba, na heri angechagua jingine. Rai hizi mbili zina watetezi, hata miongoni mwa wasomi. Zote mbili, hata hivyo, zimejengwa juu ya kosa moja: kudhani kwamba maumivu yatajwayo katika jina ni maumivu ya mtoto anayeitwa kwa jina hilo. Kosa hilo likiisha kuondolewa, jina la Dolores huonekana kuwa karibu sana na fikira za watu wa Kilimanjaro na za Waswahili kwa jumla, kuliko vile ambavyo sauti yake ya kigeni ingemfanya mtu adhani.

Yafaa kuanza na asili yake. Katika Kilatini, neno *dolor* lilikuwa na maana mbili pamoja, yaani maumivu ya mwili na huzuni ya moyo, na Kihispania kililirithi neno hilo pamoja na maana zote mbili. Wingi wake ni *dolores*. Lakini Wahispania hawakuchukua neno hilo tupu wakamwita mtoto. Jina kamili ni María de los Dolores, yaani Maria wa Maumivu, nalo si sifa ya mtoto bali ni cheo cha Mama wa Yesu. Kwa kuwa wasichana wengi mno waliitwa Maria, jina la kwanza likaachwa lidokezwe tu, na cheo kikabaki peke yake kuwa jina. Ndivyo yalivyopatikana majina mengi ya wanawake wa Hispania: Mercedes, yaani rehema; Consuelo, faraja; Pilar, nguzo; Soledad, upweke; Rosario, rozari; na Carmen, litokanalo na Mlima Karmeli. Kila moja la majina hayo lina Maria aliyefichwa nyuma yake. Asiyemwona huyo aliyefichwa hawezi kulifahamu jina.

Sarufi nayo yatoa ushahidi. Katika Kihispania kila nomino ina jinsia, na *dolor*, *pilar*, *consuelo* na *rosario* zote ni za kiume. Kama maneno hayo yangekuwa yanawaeleza wasichana wenyewe, ingekuwa ajabu kubwa kuwaita kwa maneno ya kiume. Lakini hayawaelezi wao. Yanamtaja mwingine, ambaye habari yake ndiyo iliyo ya maumivu, au ya nguzo, au ya faraja.

Habari yenyewe ni ya kale. Shirika la Watumishi wa Maria, lililoanzishwa Florence mwaka 1233, ndilo lililoeneza ibada ya maumivu saba ya Maria: utabiri wa mzee Simeoni kwamba upanga utampenya moyo, kukimbilia Misri, kupotea kwa mtoto hekaluni, kukutana naye akichukua msalaba, kufa kwake, kuteremshwa kwa mwili wake, na kuzikwa. Mwaka 1814 Papa Pius VII, aliyekuwa ametoka katika kifungo cha Napoleon, aliieneza sikukuu hiyo ya Septemba katika Kanisa lote. Na mwaka 1913 Papa Pius X akaiweka tarehe 15 Septemba, ambayo imedumu hata leo. Mtu akiyatazama maumivu hayo saba ataona kwamba hakuna hata moja lililo la mwili wa Maria. Hakupigwa, hakufungwa, hakusulibiwa. Yote saba ni maumivu ya mama kwa ajili ya mwanawe. Jambo hili ndilo litakaloamua hukumu ya mwisho juu ya jina lenyewe.

Jina liliufikiaje mlima? Si kwa mkono wa Wahispania. Ni kweli kwamba pwani ilikwisha kuonja majina ya rasi ya Iberia zamani sana, na kwa ladha chungu. Yusuf bin Hassan wa Mombasa alipelekwa Goa angali mtoto, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme chini ya Wareno. Na mwaka 1631 aliiteka Ngome ya Yesu, akamwua kapiteni wake, akaliacha jina la ubatizo na kulirudia la baba zake. Katika kisa hicho jina lilikuwa alama ya utii, na kulivua kukawa alama ya uasi. Lakini Wareno hawakuacha majina yao mlimani. Huko yalikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont, pamoja na mapadre Alexandre Le Roy na Auguste Gommenginger wa Shirika la Roho Mtakatifu, walipanda kutoka pwani hata Kilimanjaro, na misheni ikaanzishwa Kilema. Kibosho ikafuata mwaka 1893. Kilimanjaro ikawa vikariati mwaka 1910, na Moshi ikawa jimbo mwaka 1953. Mapadre hao wa kwanza, waliotoka hasa Ufaransa na Alsace, hawakuwa na sababu ya kuhubiri Kihispania. Lakini shirika lao lilikuwa limewekwa pia chini ya Moyo Safi wa Maria, na vyeo vya Maria vilikuwa katika sala na kalenda yao ya mwaka mzima. Jina la Dolores lilikwisha kuwa mali ya Kanisa lote, kama lilivyokuwa umbo lake la Kilatini, Dolorosa, litokanalo na Mater Dolorosa, Mama Mwenye Maumivu. Kwa hiyo maumbo yote mawili yapo katika majina ya Wakatoliki wa nchi hii, nayo yana mzizi mmoja.

Kwa upande wa Machame, ambako misheni ya Walutheri wa Leipzig ilianza mwaka 1893, majina ya Kikristo yalifuata mkondo mwingine. Huko yalitungwa majina yaliyo kama sentensi ndogo, ambamo neno Eli, ambalo ni Mungu kwa Kiebrania, limeunganishwa na neno la Kichaga au la Kiswahili: Aikaeli, asante Mungu, Elikunda, Mungu amependa, Elirehema, Elinami. Majina haya hayahitaji mfasiri. Anayeyasikia huyafahamu, na anayeitwa hukumbushwa kila aitwapo. Ukiyalinganisha na Dolores, yaonekana kana kwamba Walutheri walipewa mbegu na Wakatoliki wakapewa ganda. Hukumu hiyo imekwisha kutolewa mara nyingi katika mazungumzo ya wasomi, nayo ina haki kwa kiasi. Lakini haikamiliki. Neno Eli lenyewe, kwa jinsi Mathayo alivyolihifadhi katika Injili, ndilo neno la kilio cha msalabani. Anayeitwa Aikaeli amebeba shukrani juu ya neno lililowahi kuwa kilio. Anayeitwa Dolores amebeba kilio cha mama aliyesimama chini ya msalaba uleule. Tofauti si kwamba jina moja lina maana na jingine halina. Tofauti ni kwamba moja lilifasiriwa na jingine liliachwa bila kufasiriwa.

Basi jina hili lifasiriweje? Hapo ndipo kazi ya uhakiki inapoanza kwa kweli, maana Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili, na kila moja lina njia yake. Maumivu hutoka katika kuuma, na kwanza ni ya mwili: jino, mguu, kidonda. Huzuni ni hali ya moyo, tulivu, isiyo na kelele. Majonzi ni ya msiba na matanga. Tabu ina asili ya Kiarabu, na hapo mwanzo ilikuwa uchovu. Shida nayo, iliyotoka Kiarabu vilevile, ni ugumu na dhiki. Kanisa katika Tanzania limechagua neno mateso, na tarehe 15 Septemba huadhimishwa Bikira Maria Mama wa Mateso. Uchaguzi huo una heshima yake, kwa kuwa unamfunga Mama na Mateso ya Mwanawe. Lakini mateso yatoka katika kutesa. Ni neno linalomtazama anayetenda: yuko mtesi, yuko anayeteswa. Askari waliomsulibisha Yesu walimtesa yeye; mama yake hawakumgusa. Kwa hiyo neno mateso linafaa kwa Mwana kuliko linavyomfaa Mama.

Liko neno jingine, la nyumbani zaidi, nalo ni uchungu. Kwanza ni ladha: dawa ni chungu, shubiri ni chungu. Pili ni maumivu makali ya mwili na ya moyo. Tatu, na hapa ndipo neno hili linapoyapita mengine yote, ni maumivu ya kuzaa: mwanamke akikaribia kujifungua husemwa ameshikwa na uchungu. Tena kuna maana ya nne, itokanayo na ya tatu: mtu huwa na uchungu na mali yake, na nchi yake, na watoto wake, yaani huvijali vitu hivyo kwa pendo linaloumia. Wahenga wamezifunga maana hizo kwa methali moja: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hakuna neno la Ulaya litajwalo katika makala haya lililokusanya ladha, maumivu, uzazi na pendo katika mfuko mmoja kama hili.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni kuliingiza jina la Kihispania katika nyumba ya Kiswahili kwa nguvu. Sivyo. Wahispania wenyewe, wakitaja uchungu wa uzazi, husema *dolores de parto*, kwa neno lilelile la wingi ambalo ndilo jina. Wala fikira hiyo si ya lugha tu. Mapokeo ya Kanisa hushikilia kwamba Maria alimzaa mwanawe pasipo maumivu. Na Mtakatifu Yohane wa Damasko, aliyeishi katika karne ya 8, alifundisha kwamba uchungu ambao Maria aliepushwa nao wakati wa kuzaa aliupata wakati wa mateso ya mwanawe. Kwa fundisho hilo Kalvari ilikuwa chumba cha kujifungulia kilichochelewa miaka 33. Basi atafutaye Kiswahili cha Dolores, asiseme Maumivu wala Mateso. Aseme Uchungu, na aongeze kimoyomoyo: wa mzazi.

Ikiwa ndivyo, swali la pili latokea lenyewe. Pwani na bara ya Afrika Mashariki zimejaa watu walioitwa Tabu, Shida, Mashaka, Masumbuko, Majuto, Mateso. Kwa muda mrefu majina ya namna hii yamehesabiwa na watu wa dini na wa shule kuwa majina yasiyofaa, mabaki ya ushenzi, au angalau majina ya nyumbani yasiyostahili kuandikwa mbele. Kwa upande mwingine, Dolores limehesabiwa kuwa jina takatifu. Lakini mtu akiyaweka kwenye mizani bila kutazama sura ya mwenye jina, Dolores na Tabu ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yamekumbuka jambo gumu na kulikabidhi kwa mtoto ili lisisahauliwe. Mama aliyemwita bintiye Tabu hakumwombea tabu. Alisema kwamba mtoto huyu alizaliwa wakati nyumba ilipokuwa na tabu, naye akapita salama. Jina ni ukumbusho wa mlango waliopitia, si uaguzi wa njia iliyo mbele.

Maandiko yenyewe yalipaswa kuwafundisha waliokuwa wakiyabeza majina hayo. Raheli alipokuwa akifa katika kuzaa, alimwita mwanawe Benoni, yaani mwana wa uchungu wangu, na baba yake akambadilisha akawa Benyamini. Yabesi, katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, aliitwa hivyo kwa sababu mama yake alimzaa kwa huzuni, na hata hivyo aliheshimiwa kuliko ndugu zake. Naomi, aliporudi Bethlehemu mjane tena amefiwa na wanawe, aliwataka watu wamwite Mara, yaani mchungu. Benoni na Yabesi ni majina yaliyopewa na mama. Mara ni jina aliloomba mama mwenyewe. Mmoja tu kati ya hao watatu, Benoni, alibadilishiwa jina, na aliyelibadilisha ni baba, ambaye hakushikwa na uchungu.

Sheria ya Kanisa nayo ilipita katika badiliko ambalo halikutangazwa sana vijijini. Kanuni za mwaka 1917, katika kifungu cha 761, zilimwagiza paroko ahakikishe kwamba mbatizwa amepewa jina la Kikristo; na kama wazazi hawakubali, aliongeze jina la mtakatifu juu ya lile walilolichagua, na kuyaandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Hapo ndipo mtoto alipopata jina la kitabuni na jina la nyumbani. Kanuni za mwaka 1983, katika kifungu cha 855, hazidai tena jina la mtakatifu. Hutaka tu kwamba lisitolewe jina lililo kinyume cha moyo wa Kikristo. Kwa sheria hii Mkunde na Haika ni majina ya ubatizo kamili, na Tabu halina kosa lolote ambalo Dolores halina. Desturi imekawia nyuma ya sheria, kama ilivyo desturi ya desturi.

Kosa la kinyume nalo limekwisha kutendeka. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu katika Zaire ulipiga marufuku majina ya Kikristo, na watu wakalazimishwa kuyavua kwa amri ya serikali. Aliyedhani kwamba jina la kigeni laweza kung'olewa kwa amri hakujua kwamba nalo lilikwisha kuota mizizi: liliitwa na mama aliyefariki, liliandikwa juu ya makaburi. Jina haliwi letu kwa kuwa limetungwa hapa. Huwa letu kwa kuwa limeitwa na tuwapendao.

Fasihi imelijua jambo hili kuliko sheria. Shaaban Robert, katika *Kusadikika*, aliwaita watu wake kwa sifa zao: mshitakiwa ni Karama, mshitaki ni Majivuno. Msomaji wa Kiswahili hahitaji ufunguo. Euphrase Kezilahabi alichukua njia ya pili, iliyo ngumu zaidi, katika *Rosa Mistika*, riwaya iliyotoka mwaka 1971. Jina la Rosa Mistika, yaani Waridi la Fumbo, latoka katika Litania ya Bikira Maria, na ni cheo cha Maria kama alivyo Dolores. Mama yake Rosa ni Regina, yaani malkia, nalo neno hilo linarudiwa mara nyingi katika litania hiyohiyo. Lakini malkia huyo hupigwa na mumewe mlevi, na waridi hilo hukatwa kabla ya wakati wake kwa mkono wake lenyewe. Msomaji asiyejua Kilatini husoma kisa cha kuhuzunisha. Anayekijua husoma mashitaka. Mwandishi ameuliza jinsi jamii inavyoweza kumpa binti cheo cha mbinguni siku ya ubatizo, na kumnyima ulinzi wa duniani siku zote zilizobaki. Swali hilo haliwezi kusikika mpaka jina lifasiriwe. Huu ndio ushahidi wa kwanza dhidi ya wale wasemao kwamba jina ni alama tu.

Ushahidi wa pili watoka mbali zaidi, nao unahusu jina la Dolores lenyewe. Katika riwaya ya Vladimir Nabokov iliyotolewa Paris mwaka 1955, mtoto ambaye ulimwengu wote unamjua kwa jina la *Lolita* aliandikwa na mama yake kwa jina la Dolores. Lola na Lolita ni vifupisho vya kubembeleza vya jina hilo. Mtu mzima aliyemharibu ndiye aliyemfanya Lolita, akaliimba jina hilo tamu katika kitabu kizima, na utamu huo ukafunika maana ya jina la kweli. Wasomaji wengi wamelisahau jina la kweli, kama yule msimulizi alivyotaka. Lakini mwandishi alikuwa amejificha upande wa mtoto: kwa kumwita Dolores aliandika uchungu wake juu ya kila ukurasa, mbele ya macho ya mtu asiyetaka kuusoma. Na huyo Dolores afa akijifungua. Sauti imeila maana, na hapo kula huko ni dhambi, si ajali.

Katika historia, mwanamke mashuhuri kuliko wote wenye jina hilo ni Dolores Ibárruri, aliyezaliwa mwaka 1895 katika nchi ya Wabaski, binti wa wachimbaji wa chuma, akawa msemaji mkuu wa Wakomunisti wa Hispania katika vita vya 1936 hadi 1939. Hakuwa mtu wa Kanisa tena. Lakini watu hawakumpima kwa hotuba zake tu. Kati ya watoto wake sita, binti wanne walifariki wangali wadogo. Mwanawe wa kiume, Rubén, aliuawa katika vita vya Stalingrad mwaka 1942. Aliikana imani iliyompa jina, na jina likamtimilia kwa maana yake ya asili, yaani mama aliyesimama penye kifo cha mwanawe. Wenye kuogopa majina watasema: si hivyo tulivyosema, jina limemwandama? Lakini wamama wangapi wa Hispania na wa Urusi walifiwa na wana katika miaka hiyo, nao waliitwa Carmen, na Pilar, na Nadezhda, ambalo ni tumaini? Jina halikuleta msiba. Lilikuwa neno lililokuwa tayari msiba ulipokuja.

Sasa yawezekana kurudi mlimani, ambako jambo hili linapata ukamilifu wake kwa njia ambayo Wahispania wenyewe hawakuiwazia. Kwa desturi ya Wachaga walio wengi, binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, na wa pili la bibi mzaa mama. Jina la mtoto, basi, hapo awali halikuwa habari ya mtoto mwenyewe. Lilikuwa habari ya mwanamke mwingine, aliyetangulia, ambaye maisha yake yamekwisha kujulikana. Ndiyo kawaida ileile ya María de los Dolores: mtoto huchukua jina ili kumkumbuka mama mkubwa kuliko yeye. Hapo Mchaga na Mhispania wanafahamiana bila mfasiri, kuliko wanavyofahamiana na mtu wa siku hizi achaguaye jina kwa ajili ya uzuri wa sauti.

Tena iko desturi ya pili, ambayo ni ya mlimani na ya Uswahilini pia. Mwanamke akiisha kuzaa haitwi tena kwa jina lake. Huitwa kwa jina la mwanawe. Mzazi wa Haika huwa Mama Haika, na mzazi wa Dolores huwa Mama Dolores. Majirani humwita hivyo sokoni, kwenye mfereji wa maji, na baada ya misa. Hakuna mmoja wao anayekusudia kusema jambo la elimu. Lakini mtu na ayafasiri maneno hayo mawili kwa Kiswahili jinsi yalivyo: ni Mama Uchungu, Mama wa Maumivu. Ni kile cheo chenyewe, Mater Dolorosa, ambacho Wahispania walikikata kichwa wakabakiza nusu. Katika Hispania Maria aliondolewa, likabaki neno tupu juu ya mtoto. Katika Kilimanjaro desturi ya Kiafrika, bila kukusudia, imemrudisha mama mahali pake, mbele ya jina, na kumwondolea mtoto mzigo usiokuwa wake. Uchungu umerudi kwa mzazi aujuaye.

Kwa hiyo rai zote mbili zilizotajwa mwanzoni hazina budi kuachwa. Anayesema jina ni alama tu hawezi kueleza kwa nini Kezilahabi na Nabokov walijali hata wakajenga riwaya juu ya majina mawili. Anayeogopa kwamba Dolores au Tabu litamletea mtoto msiba amesoma ukumbusho akaudhani uaguzi. Na wale waliolitukuza jina la kwanza na kulidharau la pili wamehukumu kwa sauti, si kwa maana.

Waliobaki na deni ni walimu, makatekista na wazazi, kwa kuwa jina lililotolewa bila maana ni zawadi iliyofungwa kwenye karatasi ambayo haikufunguliwa. Haitoshi kumwambia binti kwamba Dolores ni jina la dini. Inafaa aambiwe siku moja, akiwa na umri wa kufahamu, labda jioni ya tarehe 15 Septemba Kibo inapoonekana wazi juu ya migomba, kwamba jina lake halimtaji yeye, bali linamtaja mwanamke aliyesimama pasipo kukimbia penye kifo cha mwanawe. Na kwamba mtu mwingine wa karibu zaidi, aliyeshikwa na uchungu siku ile alipozaliwa yeye, ndiye anayeitwa kwa jina hilo kila asubuhi, naye huitika.